Sumu Tunazozimeza

Vidonge ninavyomeza kila siku ni vya namna mbili, na vyote viwili asili yake ni sumu. Cha kwanza kilitokana na jamii ya mmea ambao mifugo ya Ulaya ikiula hufa. Cha pili kiliuzwa kwanza madukani kama dawa ya kuulia panya, na hata leo panya bado wanauawa nacho. Wajukuu zangu wakisikia hayo hucheka, wakidhani bibi yao anawatania. Siwatanii. Nilisomesha historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maradhi yaliponishika niliyatendea kama nilivyozoea kutenda kila jambo: niliuliza yametoka wapi, na dawa zake nazo zimetoka wapi.

Maradhi yenyewe ni haya. Utotoni, kwetu Muheza, niliugua mafindofindo mara kwa mara kama watoto wengine, wala hakuna aliyejali, maana koo la mtoto huuma likapona. Kumbe vijidudu vya koo vikiachwa bila penisilini huweza kuamsha homa ya baridi yabisi, ambayo huvimbisha viungo na kupita zake, lakini moyoni huacha kovu. Kilango kimoja cha moyo wangu, kile kinachotenga chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, kikawa kinakakamaa na kubana mwaka baada ya mwaka bila mimi kujua. Damu ikarundikana nyuma yake, chumba cha juu kikatanuka, na chumba kilichotanuka hupoteza utaratibu wa umeme wake. Badala ya kupiga, hutetemeka. Kilango kilikuja kupanuliwa kwa puto lililopitishwa mshipani, na pumzi yangu ikarudi. Lakini mtetemo ulikuwa umekwisha kujifanyia makazi.

Mwenye moyo mzima hausikii moyo wake. Mimi wangu nausikia. Mapigo matatu ya haraka, kimya, moja zito kama mtu anayebisha hodi, kisha mfululizo usio na hesabu. Madaktari wa zamani waliufahamu mwendo huu kwa vidole tu, wakauita mapigo yasiyo na mpango wowote, bila kujua fujo imeanzia chumba gani. James Mackenzie, daktari wa kawaida wa mji wa viwanda wa Burnley, Uingereza, alitengeneza chombo cha kuchora kwa wino mapigo ya mkononi pamoja na yale ya mshipa wa shingoni. Alimfuatilia kwa miaka mingi mwanamke mmoja mwenye kilango kilichobana kama changu, na mapigo ya mama huyo yalipovurugika, wimbi linalotokana na chumba cha juu likatoweka katika mchoro. Mackenzie akajua chumba hicho kimeacha kazi, ila hakuweza kueleza kwa nini. Jibu likaja mwaka 1909, Thomas Lewis alipotumia kule London mashine ya Willem Einthoven wa Leiden ya kupimia umeme wa moyo. Mashine hiyo ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na ilihitaji watu watano kuiendesha. Siku hizi huchukuliwa kwapani kama daftari la mahudhurio.

Hatari kubwa ya maradhi haya si mpapatiko wenyewe. Damu inayotuama ndani ya chumba kinachotetemeka huganda, na bonge lake likichomoka likapanda kichwani, ndicho kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa wa aina yangu ana kazi mbili: kuuzuia moyo usikimbie, na kuizuia damu isigande. Kazi ya kwanza ni ya kidonge kidogo kiitwacho digoksini. Ya pili ni ya warfarini. Ziko nchi ambako mgonjwa hupitishwa waya hadi moyoni, na sehemu zinazochochea fujo zikaunguzwa. Tiba hiyo ilipata nguvu baada ya Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux kuonyesha mwaka 1998 kwamba fujo nyingi huanzia kwenye mishipa itokayo mapafuni. Kusini mwa Sahara vituo vinavyoifanya kazi hiyo ni vya kuhesabu, na hata vinapokuwapo, moyo uliotanuliwa na kilango kibovu hauridhiki upesi. Basi wengi wetu tumebaki na dawa za kale. Katika habari za kupatikana kwa dawa hizo nimeona jambo moja likijirudia, na jambo hilo linatuhusu sana sisi tunaokaa kwenye benchi la kliniki.

Nianze na digoksini. Mwaka 1775 daktari William Withering wa Birmingham aliombwa maoni juu ya dawa ya kienyeji ya ugonjwa wa kujaa maji mwilini, iliyokuwa siri ya bibi mmoja wa Shropshire. Bibi huyo alikuwa akiwaponya watu ambao madaktari walishindwa nao. Dawa yake ilikuwa mchanganyiko wa majani ya aina ishirini na zaidi. Withering alikuwa pia mjuzi wa mimea, na hakuchelewa kutambua kwamba katika lundo lile mwenye nguvu alikuwa mmoja tu, digitalisi, wenye maua ya zambarau yanayoning'inia mfano wa vidole vya glavu. Jina la bibi huyo Withering hakuliandika. Jina la Mama Hutton linalotajwa katika vitabu vingi lilizuka katika karne ya 20, katika tangazo la kampuni moja ya dawa. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia wasiamini haraka jina zuri linalojitokeza miaka mia na hamsini baada ya tukio.

Alilolifanya Withering ni kupima. Kwa miaka kumi alijaribu majani yaliyochumwa wakati mbalimbali, akayakausha, akayasaga, akapunguza kipimo na kukiongeza, na mwaka 1785 akachapisha habari za wagonjwa wake 163, waliopona na waliokufa. Aliandika kwamba kipimo kikizidi mgonjwa hutapika, huona vitu kwa rangi ya kijani au manjano, na mapigo hushuka hata yakafika 35 kwa dakika, kisha huja kuzirai na kifo. Dalili hizo ndizo ninazoulizwa hadi leo kliniki. Muuguzi wetu, binti mchangamfu, huniuliza, "Mwalimu, hujaanza kuona dunia ya manjano?" nami humjibu kwamba dunia ingali na rangi zake. Anatania, lakini swali lake lina umri wa miaka zaidi ya mia mbili.

Bibi wa Shropshire alikuwa na dawa. Withering alileta kipimo. Sisemi hivyo ili kumpunguzia bibi heshima yake. Bila yeye Withering angepita kando ya maua hayo kama wapita njia wengine wote.

Huku kwetu nako palikuwa na mimea ya namna hiyo, na habari zake hazisemwi sana. Wasomaji wa historia ya Unguja wanamjua John Kirk kama balozi wa Uingereza aliyembana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858. Katika nchi ambayo leo ni Malawi waliwakuta wawindaji wenye mishale iliyopakwa sumu iitwayo kombe, itokayo katika mbegu za mmea utambaao. Kirk alichukua sumu hiyo ili aipeleke kwao, akaitia mfukoni pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki alihisi uchungu mkali mdomoni, na kwa kuwa alikuwa daktari akajishika mkono kuhesabu mapigo. Yalikuwa yamepungua.

Mbegu zilifika Edinburgh, na Profesa Thomas Fraser akaonyesha kwamba sumu hiyo huukamata msuli wa moyo wenyewe. Akaitoa humo dawa iliyoitwa strofantini, ambayo madaktari wa Ulaya waliitumia miaka mingi. Mwaka 1906 Albert Fraenkel alianza kuwachoma wagonjwa sindano yake mshipani huko Strasbourg. Mmea wenyewe umebaki na jina la kombe katika Kilatini cha wataalamu mpaka leo. Wawindaji waliowaonyesha wageni sumu ile hawakuandikwa popote, sawa na bibi wa Shropshire.

Karibu zaidi na pwani yetu kuna mti mwingine, ambao Wasomali huuita waabaayo. Wagiriama, Wakamba na Waata waliokuwa wakiwinda ndovu nyika ya Tsavo walichemsha magogo na magome yake kutwa nzima mpaka ukabaki uji mweusi kama lami, wakaupaka kwenye mishale na kuifunga isipigwe na jua. Mfaransa Arnaud alitoa kiini chake mwaka 1888, akakiita uabaini kutokana na neno lile la Kisomali. Na wawindaji walikuwa na kipimo chao. Wengine walijikwaruza ngozi, wakaacha damu ichirizike, kisha wakagusa ncha ya chini ya mchirizi kwa sumu na kuangalia weusi unavyopanda haraka kiasi gani, wakiufuta kabla haujafika kwenye jeraha. Mtu asiyejua angesema ni ushirikina. Mimi naona ni maabara.

Kwa nini kitu kinachomwangusha ndovu kinafaa kuutuliza moyo wa mstaafu? Jibu lilichelewa. Mwaka 1957 Jens Skou wa Aarhus, Denmaki, akichunguza neva za kaa wa baharini, aligundua pampu ndogo iliyomo katika ngozi ya kila chembe hai, itoayo chumvi ya sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Uabaini huiziba pampu hiyo. Digoksini nayo vivyo hivyo. Ikizibwa kidogo, madini ya kalsiamu huongezeka ndani ya msuli na moyo hukaza kwa nguvu zaidi, huku neva inayopunguza mapigo ikisikika zaidi, hata amri zinazomiminika kutoka chumba cha juu zisipite zote kwenda chini. Ikizibwa sana, moyo huvurugika kabisa na kusimama. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kati ya kidogo na sana kuna nafasi nyembamba, na katika nafasi hiyo ndimo ninamoishi.

Dawa nyingine ya mapigo ilipita milimani kwetu bila kujulikana kuwa ni dawa ya mapigo. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua Amani, katika milima ya Usambara, zama za Waingereza, naye alitusimulia juu ya mikwinini iliyopandwa na Wajerumani. Kituo cha Amani kilianzishwa mwaka 1902. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowakatia Wajerumani njia ya Ulaya, gome la mikwinini hiyo lilitengenezwa dawa ya malaria ya askari wao, vidonge na pia maji machungu ya kunywa ambayo askari, kwa mzaha, waliyapa jina la jemadari wao Lettow. Babu alisema uchungu wake haukuwa na mfano, ingawa sijui kama aliyanywa au alisikia kwa waliokunywa.

Miaka miwili kabla ya vita hivyo, mwaka 1912, mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea Profesa Karel Wenckebach mjini Strasbourg akilalamikia mapigo yake. Wenckebach akampima, akamweleza kwamba hawezi kumwahidi kitu. Mgonjwa akasema yeye mwenyewe anaweza kuyanyoosha. Profesa hakumsadiki. Kesho yake mtu huyo akarudi na mapigo yaliyonyooka kabisa: alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini. Katika nchi za malaria kwinini ilikuwa dawa ya kila kitu, kama watu wanavyomeza aspirini, naye siku moja aliimeza wakati moyo ukitetemeka akaona mtetemo umekoma. Wenckebach alikuwa na uungwana wa kuliandika jambo hilo mwaka 1914. Miaka minne baadaye Walter Frey, akiwa Ujerumani, akaonyesha kwamba ndugu yake kwinini, yaani kwinidini inayotoka katika gome lile lile, ina nguvu zaidi ya kunyoosha mapigo.

Hapa ndipo historia inaponitia tahadhari. Kwinidini ilitumika kwa miongo mingi kwa sababu daktari akiangalia mchoro aliona mapigo yamekaa sawa, na mgonjwa alifurahi. Mwaka 1990 matokeo ya majaribio kadhaa yalipokusanywa pamoja, ilionekana kwamba waliopewa kwinidini walikufa wengi zaidi kuliko wasiopewa. Mwaka mmoja kabla yake, Marekani, jaribio kubwa la dawa nyingine za kunyamazisha mapigo ya ziada baada ya mshtuko wa moyo lilisimamishwa kwa sababu hiyo hiyo. Mapigo yalinyooka na watu wakafa. Kisha mwaka 2002 jaribio lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,000 likaonyesha kwamba wenye mtetemo kama wangu waliopunguziwa tu mwendo hawakufa zaidi ya wale waliolazimishwa kurudi katika mapigo sawa. Habari hiyo ilinifariji kuliko mahubiri mengi, ingawa lazima niseme ukweli wote: uchunguzi wa mwaka 2020 umeonyesha kwamba wanaotibiwa mapema, kwa dawa za sasa na kwa kuunguzwa, hufaidika kwa kurudishiwa mwendo wa kawaida. Mapema ndilo neno lenyewe. Wengi wetu hufika hospitali wakati chumba kimekwisha kutanuka.

Sasa warfarini. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walianza kupoteza ng'ombe kwa ugonjwa wa ajabu. Mnyama akikatwa pembe, damu haikomi. Ilijulikana upesi kuwa sababu ni majani ya klova tamu yaliyooza ghalani, lakini wakati ule ulikuwa mgumu na mkulima hakuwa na majani mengine. Mwezi Februari 1933 mkulima Ed Carlson wa Wisconsin alipakia garini ng'ombe aliyekufa, ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda, na mzigo wa majani yale, akasafiri kama kilometa 300 katika dhoruba ya theluji kwenda Madison. Ofisi ya mifugo aliikuta imefungwa. Akagonga mlango wa kwanza aliouona wazi, ukawa wa mkemia Karl Link. Link hakuwa na la kumsaidia siku ile zaidi ya kumwambia aache kuwalisha majani hayo, na mkulima akarudi na hasara yake. Lakini Link na vijana wake hawakuiacha ile ndoo ya damu. Iliwachukua zaidi ya miaka sita kukipata kiini kinachozuia damu kuganda. Mwaka 1948 kizazi cha nguvu zaidi cha kiini hicho kikauzwa kama sumu ya panya, jina lake likiundwa kutokana na herufi za kwanza za mfuko wa utafiti uliogharamia kazi hiyo, W, A, R na F. Askari mmoja wa Marekani aliimeza mwaka 1951 akitaka kujiua, akaokolewa kwa vitamini K, na madaktari wakaona kuwa sumu hii ina kamba ya kuirudishia nyuma. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo naye akapewa.

Vitamini K hiyo ndiyo iliyoniletea mtihani jikoni. Imo katika majani ya kijani, na majani ya kijani ndiyo mboga yetu: mchicha, matembele, kisamvu. Anayekula kisamvu sana wiki hii na kukiacha wiki ijayo, damu yake hupanda na kushuka kama bahari ya kusi. Kliniki niliwahi kusikia wagonjwa wakiambiana waache mboga zote. Hilo si sawa, wala daktari mzuri hasemi hivyo. Mimi sikuacha kisamvu. Nilijifunza kula kiasi kile kile, siku zile zile, na kidonge kikapimwa kufuatana na sahani yangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba nyumba yetu ina ratiba ya mboga kuliko shule ya bweni.

Ila hakuna awezaye kupima damu kwa macho. Kipimo cha muda wa kuganda kilibuniwa na Armand Quick mwaka 1935, lakini kila maabara ilipata namba yake, kwa kuwa kila moja ilitumia kemikali tofauti. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1983 namba moja kwa dunia nzima, INR. Mtu asiyemeza dawa ana 1. Mimi ninatakiwa niwe kati ya 2 na 3. Chini ya 2 bonge laweza kujengeka. Juu sana, mswaki tu unatoa damu, na ukianguka kichwa huenda ikawa ndiyo safari. Ni nafasi nyembamba nyingine.

Nimetaja wale ambao mioyo yao hukimbia. Wapo na ambao mioyo yao huchelewa hata wakazirai. Kwao hakuna kidonge cha kutegemea, ni betri tu. Mtu wa kwanza kuwekewa betri mwilini alikuwa Msweden Arne Larsson, tarehe 8 Oktoba 1958, huko Stockholm. Alikuwa akizirai hata mara thelathini kwa siku. Mkewe, Else-Marie, alimwendea daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist, akaambiwa kwamba chombo kama hicho hakijawa tayari, naye akaendelea kuwafuata mpaka wakakitengeneza, wakimimina plastiki ndani ya kopo la rangi ya viatu. Cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Larsson alibadilishiwa zaidi ya mara ishirini, akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani ya ngozi, baada ya Elmqvist na Senning wote wawili kutangulia. Dar es Salaam betri zinawekwa, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, lakini bei ya chombo chenyewe ni mzigo wa ukoo mzima. Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikikusanya betri za waliofariki, zikasafishwa na kupimwa upya. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024, ya jaribio lililofanyika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, yalionyesha kwamba hazikuleta maambukizo zaidi ya zile mpya. Mzee mmoja wa benchi letu alipoelezwa habari hiyo alisema yeye hana neno na betri ya marehemu, mradi marehemu hataidai.

Nirudi kwenye lile jambo linalojirudia. Majani ya Shropshire, kombe, kwinini, klova iliyooza: kila mara kitu chenyewe kilipatikana mapema, tena mikononi mwa watu wa kawaida, na kiliua mpaka alipotokea wa kukipima. Kwetu dawa ipo. Vidonge vyangu vya mwezi havinishindi. Kinachokosekana ni kipimo. Katika hospitali moja niliyokuwa nikihudhuria, kemikali ya INR iliisha, ikakosekana miezi mitatu, na kila nilipofika niliandikiwa vidonge vile vile nikaambiwa, "Endelea hivyo hivyo, Bibi." Hivyo hivyo vipi? Ni kumwambia nahodha aendelee hivyo hivyo usiku bila dira. Mwenzangu mmoja wa benchi alipata kiharusi katika miezi hiyo. Hakuna ajuaye damu yake ilikuwa namba ngapi, kwa maana haikupimwa. Hospitali ile iliomba radhi kwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Wengine hudhani tatizo litaondoka zikija dawa mpya za kuzuia damu kuganda, ambazo hazihitaji kupimwa mara kwa mara. Mimi pia nilizingoja. Lakini mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa hasa kwa watu wa aina yangu, wenye mtetemo uliotokana na baridi yabisi, zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi wao walikuwa wanawake. Ilitazamiwa kwamba dawa mpya, rivaroksabani, haitazidiwa. Ikazidiwa: waliomeza dawa za kale za ukoo wa warfarini walikufa wachache zaidi, na kutokwa damu hakukuwa kwingi zaidi. Dawa ya panya ya mwaka 1948 ikaishinda ya karne hii. Na katika habari za jaribio hilo kulikuwa na namba iliyonigusa kuliko zote. Walipoingia, wale waliokwisha kuwa wakitumia dawa za kale, ni kama theluthi moja tu waliokuwa na damu ndani ya 2 na 3. Walipoanza kupimwa kwa mfululizo, wakapanda hadi zaidi ya nusu.

Niliichukua habari hiyo kwa daktari wetu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa amekwisha kuisoma. Alifungua mtoto wa meza akanionyesha mashine ndogo ya kuchoma kidole, iliyoletwa na wafadhili, itoayo jibu kwa dakika moja. Karatasi zake za kupimia zilikuwa zimebaki kumi na moja, na wagonjwa wa warfarini tulikuwa thelathini na wanne. Tukakaa tukaipanga orodha pamoja, nani apimwe kwanza: aliyeanguka hivi karibuni, aliyebadilishiwa dawa, mama mjamzito, aliyetoka kuugua malaria. Jina langu, kwa kuwa mboga zangu zina ratiba, tuliliweka la ishirini na saba.